Gari la Mbio na Mgongo wa Koko

Katika jarida la chama chetu cha Kiswahili tumezoea kusoma insha za methali, vitendawili na mashairi ya kuwaaga kidato cha nne. Mimi leo naomba ruhusa yenu niandike juu ya springi za gari. Najua kuna watakaocheka. Msichana wa kidato cha tatu na springi za gari, wapi na wapi? Hebu nivumilieni kidogo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nimeuliza sana mwaka huu, hata mafundi fulani wa Nanyuki wakanizoea.

Chanzo cha maswali yangu ni mjomba na Koko. Koko ni nyanya yangu, mamaye mama na mamaye mjomba. Miaka miwili iliyopita aliteleza akitoka kuteka maji, akaumia uti wa mgongo. Tangu siku hiyo, kila mwezi sharti aende hospitalini Nanyuki. Kutoka Doldol hadi Nanyuki ni zaidi ya kilomita 50, lakini hizo si neno. Taabu ni zile kilomita tisa za kutoka kwetu nyumbani hadi Doldol mjini: mawe, makorongo, vumbi, na lagga mbili ambazo mvua ikinyesha hugeuka mito. Koko amewahi kupelekwa kwa bodaboda, kwa lori la mbuzi, na kwa Land Cruiser iliyojaa watu hadi juu ya paa. Kila akirudi alikuwa akilala siku mbili bila kuinuka.

Basi mjomba alipotangaza kwamba atanunua gari, sote tulishangilia. Mjomba ni mfanyabiashara wa mbuzi, na kabla ya hapo alikuwa dereva wa watu kwa miaka mingi. Alitoa akiba yake, akauza na fahali wanne. Wawili walikuwa wake, wawili walikuwa wa Koko. Koko aliwatoa bila maneno mengi. Alisema tu, "Wachukue. Lakini gari hilo libebe mgongo wangu, lisibebe sifa zako."

Maneno hayo mjomba aliyasikia kwa sikio moja.

MAPENZI YA MJOMBA

Lazima niwaeleze kwamba mjomba ni mgonjwa wa Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mjomba hukariri washindi kama sisi tunavyokariri ngeli. Atakwambia Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Atakwambia Colin McRae wa Scotland alishinda mwaka 1997 kwa Subaru Impreza. Mashindano yalipotolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, anasema alihuzunika kama aliyefiwa. Na yaliporudi mwaka 2021, alifunga safari hadi Naivasha kwenda kula vumbi.

Kwa hivyo gari alilotaka lilikuwa moja tu: Subaru Impreza WRX, lenye turbo, rangi ya buluu. Gari jipya kutoka Japani hangeweza kulimudu. Sheria yetu hairuhusu gari kuukuu lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, na lile la chini ya miaka minane lina bei ya kutisha. Alichoweza kununua ni gari lililokwisha kukaa Kenya miaka mingi na kupita mikono mingi. Hapo ndipo penye hatari, maana gari la mbio mara nyingi huwa limeendeshwa na watu wa mbio.

Nilimsindikiza mjomba mara tatu kwenda kutazama magari, siku za likizo na Jumamosi. Kila gari lilinifunza somo lake.

GARI LA KWANZA: GUMU KAMA JIWE

Gari la kwanza lililetwa Nanyuki na dalali mmoja. Ama kweli lilikuwa zuri! Impreza ya mwaka 2003, buluu, rimu kubwa za kung'aa, na limeinama chini kama chui anayenyemelea swara. Sauti ya ekzosi ilifanya watoto wakimbie kuja kuona. Mjomba alitabasamu hadi nikamwonea haya.

Dalali alitupeleka mzunguko kwenye lami ya mjini. Nakiri kwamba hata mimi nililipenda. Kwenye kona halikulala upande hata kidogo. Ukigusa usukani, linaitikia papo hapo. Mjomba alisema, "Umeona? Hii inashika njia kama kupe!"

Fundi wetu, mzee mmoja mpole sana, aliomba gari lipandishwe jeki. Akachungulia ndani ya gurudumu, akaniita. "Mwanafunzi, wewe unasoma fizikia. Angalia hii springi. Unaona nini?" Nikaona ncha yake ya chini haikuwa laini kama zile nilizowahi kuona. Ilikuwa na alama za msumeno.

"Hii imekatwa," fundi akasema. "Kijana fulani alitaka gari likae chini, akakosa pesa za kununua springi zinazofaa, akakata mizunguko miwili."

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa fizikia. Akacheka, akatoa springi kuukuu kwenye kabati la maabara. Tukaning'iniza uzito wa gramu 200, springi ikavutika sentimita 8. Kisha akaikata katikati kwa koleo, tukaning'iniza uzito uleule kwenye nusu moja. Ikavutika sentimita 4 tu! Ile kanuni ya Hooke tuliyoikariri kidato cha pili kwa ajili ya mtihani, siku hiyo niliiona kwa macho. Springi ikifupishwa huwa ngumu zaidi. Yule kijana alidhani anashusha gari tu, kumbe alikuwa pia analigeuza kuwa mkokoteni.

Sasa ugumu huo una faida gani na hasara gani? Nitaeleza nilivyoelewa.

Gari linapoingia kwenye kona kwa kasi, mwili wake hutaka kuendelea mbele kama kawaida, ndiyo maana abiria husukumwa upande. Uzito huhamia magurudumu ya nje ya kona, na yale ya ndani hupungukiwa na mzigo. Springi zikiwa ngumu na gari likiwa chini, mwili haulali sana, na gari hugeuka upesi. Kwenye lami laini hiyo ni raha kwa dereva.

Lakini kumbukeni jambo moja. Gari lote, na wote waliomo, hushikwa barabarani na sehemu nne tu za tairi zinazogusa chini, kila moja kama ukubwa wa kiganja cha mkono. Viganja vinne, basi! Kiganja kikiinuka juu, hakishiki kitu. Kwenye njia ya mawe, gurudumu lenye springi ngumu likigonga jiwe haliwezi kupanda na kushuka peke yake. Hurusha gari zima, na tairi huruka hewani. Tairi iliyo hewani haifungi breki wala haigeuzi gari. Kwa hivyo gari linaloshika lami kama kupe laweza kuwa gari linaloteleza kama sabuni kwenye changarawe. Watu wengi hudhani gari gumu huumiza mgongo tu. La hasha, kwenye njia zetu hupunguza usalama pia.

Mjomba hakukubali upesi. Alisema fundi ni mzee, hajui magari ya kisasa. Siku hiyo Koko alikuwa ametoka kliniki na alikuwa akitungoja. Mjomba akamwomba dalali ampe nafasi ya kumwendesha mama yake kidogo. Tukamketisha Koko mbele, tukatoka nje ya mji hadi kwenye njia ya vumbi. Tuta la kwanza, gari liligonga chini, kong'! Tuta la pili, Koko alishika dashibodi kwa mikono miwili. Kwenye shimo la tatu alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nishushe. Nitatembea."

Mjomba alisimamisha gari. Hakuna aliyesema neno. Nilimwona akitazama usukani kwa muda mrefu, kisha akageuza gari polepole sana, tukarudi mjini.

GARI LA PILI: LAINI KAMA KITANDA

Baada ya aibu hiyo mjomba aligeuka upande wa pili kabisa. Akasema sasa anataka starehe tupu. Mtu mwingine akamwonyesha saluni moja kubwa kuukuu, viti vya kitambaa kinene, ndani kimya kama maktaba. Tulipoijaribu kwenye mashimo, ilipita kama mtumbwi juu ya maji. Mjomba akasema, "Hii ndiyo ya Koko."

Tulikuwa tukienda kama kilomita 60 kwa saa wakati punda mmoja alipoingia barabarani. Kwetu hilo ni jambo la kila siku. Asipokuwa punda ni mbuzi, asipokuwa mbuzi ni punda milia, na usiku huenda akawa ndovu. Mjomba alikata usukani kulia, akampita punda, akaurudisha kushoto. Lakini gari halikurudi alivyotaka. Lililala upande mmoja, likalala upande wa pili, likaendelea kuyumba hata baada ya usukani kunyooka. Gurudumu moja lilitoka nje ya barabara. Namshukuru Mungu hakukuwa na gari lililotoka mbele.

Fundi alipoliangalia hakuhitaji hata jeki. Alibonyeza boneti kwa nguvu pembeni mwa gari, akaachilia. Gari likaruka juu, likashuka, likapanda tena, likashuka tena. "Shoka zote nne zimekufa," akasema.

Hapa naomba nieleze kitu ambacho wengi huchanganya, hata mimi nilikuwa nikichanganya. Springi na shokabzoba, ambazo mafundi wetu huziita shoka au kwa mzaha shokomzoba, si kitu kimoja. Kazi ya springi ni kubeba uzito wa gari na kukubali kubonyea. Lakini springi peke yake ikibonyea na kuachiliwa hucheza juu na chini mara nyingi, kama ile ya maabara. Kazi ya shoka ni kuizuia isicheze. Ndani ya shoka mna pistoni iliyozama kwenye mafuta. Pistoni ikisogea, mafuta hulazimika kupita kwenye vitundu vidogo, na ile nguvu ya kucheza hugeuka joto. Ndiyo maana ukigusa shoka baada ya safari ya njia mbaya utaikuta moto. Mafuta yakivuja, pistoni husogea bure, na springi hucheza itakavyo.

Kwa hivyo ulaini tuliouona haukuwa starehe. Ulikuwa ugonjwa. Na abiria huweza kudanganywa kwa muda, lakini safari ikiwa ndefu, ule mwendo wa kupepea kama mashua huleta kichefuchefu, na mgongo hauna pa kutulia. Hata Koko angeumia, ila angeumia polepole.

FUNZO LA SAFARI RALLY

Wakati huo mjomba alikuwa amekata tamaa. Siku moja jioni nikamuuliza swali ambalo lilikuwa likinisumbua. "Mjomba, magari ya Safari Rally huwa chini kama lile la kwanza?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Yako juu."

"Na springi zake hukatwa?"

Akanitazama, kisha akaanza kucheka mwenyewe. Maana jibu alikuwa nalo miaka yote. Gari la Safari huinuliwa, lina springi na shoka zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na bamba gumu chini la kulinda injini dhidi ya mawe. Gari la mashindano ya lami hulala chini, lakini la njia zetu lazima liache gurudumu lifuate ardhi. Madereva hodari kuliko wote duniani walikuja Kenya na wakakubali kuinua magari yao. Sisi nani tukate springi?

Tena mjomba akanikumbusha kisa cha Joginder Singh mwaka 1965. Yeye na nduguye Jaswant hawakushinda kwa gari jipya. Walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika kwenye Safari ya mwaka 1964. Walilitengeneza wenyewe, kifaa kwa kifaa, wakawashinda wenye magari mapya. Nami nikasema, basi kuukuu si kilema. Kilema ni kununua bila kupima.

JINSI YA KULIPIMA GARI KUUKUU

Kwa faida ya wasomaji, hasa walimu ambao nasikia wanaweka pesa kwenye sako, nimeandika hapa mambo ambayo fundi alinifunza.

Kwanza, bonyeza kila pembe ya gari na uachilie. Likipanda mara moja na kutulia, shoka ni nzima. Likiendelea kucheza, zimechoka. Chungulia pia kama shoka imelowa mafuta.

Pili, soma tairi kama unavyosoma kitabu. Ikiwa imelika upande wa ndani tu, huenda gari limeshushwa au alaimenti imeharibika. Ikiwa ina mabonde mabonde kuizunguka, aghalabu ni shoka zilizokufa. Ikiwa imelika katikati tu, ilijazwa upepo kupita kiasi. Kipimo cha upepo huandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, na hupimwa tairi ikiwa baridi, si baada ya safari.

Tatu, soma nambari za tairi. Ile Impreza ya kwanza ilikuwa na 225/40R18. Maana yake tairi ina upana wa milimita 225, kimo cha ubavu wake ni asilimia 40 ya upana huo, na rimu ni inchi 18. Asilimia 40 ya 225 ni milimita 90, yaani sentimita 9 tu za mpira kati ya rimu na jiwe. Linganisha na tairi ya 215/60R16, ambayo ubavu wake ni milimita 129, karibu sentimita 13. Ubavu mrefu hubonyea na kumeza mawe madogo. Ubavu mfupi hugeuka upesi kwenye kona lakini hupitisha kila kishindo, na rimu huweza kupinda. Tairi ni springi ya kwanza ya gari, nayo haihitaji kufunguliwa ili uione.

Nne, gari likiwa juu ya jeki lililo imara, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, kuna boljointi au beringi iliyokwisha. Angalia na bushi, zile raba za kwenye viungo. Bushi zikipasuka gari hugonga kok-kok kwenye mashimo, na watu hulaumu shoka bure.

Tano, angalia kama springi zimekatwa, au kama gari limeinuliwa kwa spesa. Spesa ni vipande vinavyowekwa juu ya springi ili gari liende juu. Kuinua kidogo si dhambi, lakini kuinua sana hupandisha kitovu cha uzito, gari likawa jepesi kupinduka, na viungo vya shafti huchakaa kwa kuwa vinafanya kazi vikiwa vimepinda.

Sita, usijaribu gari kwenye lami pekee. Lijaribu kwenye njia utakayopita, kwa mwendo utakaokwenda, ukiwa na watu utakaowabeba. Muuzaji akikataa, huenda amekujibu tayari.

Saba, hakikisha kwamba jina la muuzaji ndilo lililo katika rekodi za NTSA, ambazo siku hizi hutafutwa kupitia eCitizen. Gari zuri la mtu mwingine si gari lako.

GARI LA TATU

Gari la tatu lilikuwa Subaru Forester ya mwaka 2005, yenye turbo, rangi ya kijivu. Mjomba alipoiona mara ya kwanza alinung'unika kwamba ni gari la wazee. Fundi akamwambia, "Chief, hii ni ndugu ya ile Impreza. Imejengwa juu ya msingi wake. Ila hii imevaa viatu vya kutembea porini."

Na ni kweli. Injini ya Subaru ya namna hiyo imelala, silinda zake zimeelekea kushoto na kulia badala ya kusimama. Kwa sababu hiyo uzito mkubwa uko chini, na gari likiwa juu kidogo bado halipotei kwenye kona. Nguvu huenda kwa magurudumu yote manne. Tairi zake zilikuwa zile za sentimita 13 nilizotaja.

Halikuwa gari kamilifu. Shoka mbili za nyuma zilikuwa zikivuja na bushi za mbele zilikuwa zimepasuka. Mjomba alitaka kuondoka. Fundi akamwambia, ubaya unaouona una bei, ubaya usiouona hauna bei. Wakaandika gharama zote kwenye karatasi, mwenye gari akapunguza kiasi hicho, na mjomba akabaki na pesa za kununua vifaa.

Kisha ukaja mjadala wa mwisho, nao ndio kiini cha makala haya. Fundi alimpa mjomba njia tatu. Ya kwanza, shoka ngumu za spoti, gari lishike lami zaidi. Ya pili, spesa za inchi mbili, lipite lagga bila wasiwasi. Ya tatu, shoka na springi za kiwango kilekile cha kiwandani, nzuri na mpya, zikibadilishwa kwa jozi, kushoto pamoja na kulia. Mjomba alisimama kimya. Nilijua moyoni anataka ile ya kwanza. Akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe unasemaje?"

Nikamjibu, "Mjomba, tuhesabu. Kwa mwezi, kona ngapi utazikata kwa kasi? Na Koko atapita lagga mara ngapi?"

Akachagua ya tatu.

Jumamosi iliyofuata tulimchukua Koko nyumbani. Mjomba hakuendesha kama McRae; aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kwenye mawe gari lilitikisika, siwezi kusema uongo, maana hakuna gari linaloweza kuifanya njia mbaya kuwa nzuri. Lakini kila tikisiko lilikuwa moja, likaisha. Tulipofika barabara kuu, mbuzi watatu waliruka mbele yetu. Mjomba alifunga breki, akakwepa, gari likalala kidogo, likasimama wima tena. Koko aliuliza tu, "Ni za nani hizo?"

Simwambii mtu kwamba Koko amepona. Gari si dawa, na mgongo wake bado unauma. Lakini siku ya pili baada ya kliniki nilimkuta nje ameketi kwenye kigoda, akimkemea mbuzi aliyekuwa akila kanga yake kambani. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mjomba naye hajapona ugonjwa wake wa rally. Akiona Impreza ya buluu imeinama barabarani Nanyuki, bado shingo humgeuka. Hivi juzi alikiri kwamba kwenye kona za lami angependa gari lake lilale kidogo kuliko linavyolala. Nikamwambia huo ndio upande wake wa bei, kama vile tikisiko lililobaki kwenye mawe ni upande wa Koko. Hakuna springi inayompa kila mtu kila kitu. Kila gari ni mapatano, na anayenunua bila kujua hivyo atalipa upande mmoja peke yake.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yenu mtanunua magari siku moja. Najua mnayachora nyuma ya madaftari, yote yameinama chini na rimu kubwa. Siwakatazi. Ila kabla ya kutoa pesa, ulizeni maswali mawili: gari hili litapita njia gani, na litambeba nani? Halafu mpandisheni huyo mtu, mwende naye kwenye mashimo, mmsikilize. Yeye ndiye kipimo ambacho hakiuzwi dukani.

 

Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na mwanachama wa chama cha Kiswahili.